Fokker 50 iliyoanguka Luxembourg 2002: injini zilikuwa nzima, sasa ilishindwaje kufika uwanjani?

kipanga_mweusi:

Wakuu habari zenu. Nina swali linanisumbua kichwa na naomba wenye uelewa wa ndege wanisaidie, hasa mafundi na marubani kama wapo humu.

Nilikuwa naangalia ile video ya Mogadishu ya Julai 2022, ile Fokker 50 ya Jubba Airways iliyobinuka wakati inatua, ikalala matairi juu na moto ukawaka, na watu wote 36 waliokuwemo wakatoka hai. Basi nikaanza kusoma ajali zingine za ndege hiyohiyo ndo nikakutana na hii ya Luxair ya tarehe 6 Novemba 2002. Inatoka Berlin, uwanja wa Tempelhof, inaenda Luxembourg, asubuhi, ukungu mzito, ndani kuna watu 22. Ikaanguka shambani kilomita chache tu kabla ya ranwei. Walipona wawili, rubani mkuu na abiria mmoja, 20 wakafa.

Sasa kinachonichanganya ni kwamba kila ninaposoma wanasema injini hazikuwa na tatizo lolote kabla ya hapo. Mafuta yapo, ndege haijagonga kitu, haijapigwa na radi, halafu eti "propela ziliingia upande wa ardhini zikiwa bado hewani". Huo upande wa ardhini ndo nini? Na kama ni kitu cha hatari hivyo, kwa nini kimewekwa mahali ambapo mkono wa rubani unaweza kukifikia akiwa hewani? Alafu ni kweli tatizo ni uzee wa hizi ndege au kuna zaidi?

mama_wawili:

Mi sio fundi ila nitasema ukweli wangu, hizi ndege za pangaboi za zamani zingeondolewa tu. Kampuni iliyotengeneza Fokker ilifilisika 1996, ni zamani sana, sasa spea zinatoka wapi na nani anazisimamia? Mimi nikiona pangaboi moyo unaenda mbio, nina watoto wananisubiri nyumbani.

fundi_wa_hangari:

Mkuu kipanga swali zuri sana, ngoja nijibu kwa urefu kidogo maana hili jambo watu wengi wanaosafiri na ndege hizi hawalijui na nadhani wanastahili kulijua. Nimefanya kazi hangari ya ndege za pangaboi muda mrefu kwa hiyo naongea vitu nilivyovishika.

Kwanza elewa kwamba panga la ndege kama Fokker 50 halifanyi kazi kwa kuzunguka haraka au taratibu. Likishakuwa hewani linazunguka kwa mwendo karibu uleule, kinachobadilika ni pembe ya yale mapanga sita. Rubani akitaka nguvu mapanga yanageuka yanauma hewa kwa kina, akipunguza yanageuka yanauma kidogo. Sasa ukiendelea kupunguza kuna mahali unafika pembe ni ndogo kiasi kwamba ukizidi hapo panga halivuti tena, linaanza kuzuia. Hapo ndo kuna mpaka. Juu ya mpaka ni upande wa hewani, chini ya mpaka ni upande wa ardhini, na ukizidi kwenda chini unafika kwenye rivasi kabisa ambapo panga linasukuma hewa mbele.

Upande wa ardhini una kazi yake na ni kazi nzuri tu. Ndege ikishagusa ranwei rubani anavuta leva, yaani ule mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu, kupita ule mpaka, mapanga yanalala bapa na kusimama dhidi ya hewa, ndege inapungua mwendo bila kuchosha breki. Ndo maana ndege hizi zinatua kwenye viwanja vifupi na vya changarawe ambako jeti haiwezi hata kufikiria. Lakini fikiria kitu hichohicho kinatokea uko futi mia kadhaa juu. Panga la Fokker 50 lina kipenyo cha mita 3.66, mapanga yakilala ni kama ubao wa duara wa ukubwa huo umesimamishwa mbele ya kila bawa. Mwendo unaanguka ghafla, na ile hewa safi iliyokuwa inapita juu ya bawa nyuma ya panga inavurugika kwa hiyo bawa nalo linaacha kubeba. Na kama panga la kushoto limeingia zaidi ya la kulia ndege inavutwa upande mmoja. Ukiwa na kimo kirefu pengine unaokoka, ukiwa unakaribia kutua huna muda.

Kwa hiyo jibu la injini nzima ni hilo. Injini zilikuwa zinawaka vizuri, ila kile zinachokizungusha kiligeuka breki.

kipanga_mweusi:

Asante sana mkuu nimeelewa mpaka nimeogopa. Lakini bado, inakuwaje rubani mzoefu anavuta leva mpaka huko akiwa hewani? Hakuna kufuli?

rubani_mstaafu_K:

Fundi kaeleza vizuri upande wa chuma, mimi niongezee upande wa watu maana ajali ile haikuanzia kwenye leva, ilianzia kwenye ukungu.

Asubuhi ile ndege zilikuwa zinasubiri hewani kwa sababu ya ukungu. Kwa ndege yao na ruhusa yao walihitaji kuona angalau mita 300 kwenye ranwei, na kipimo kilikuwa kinasoma mita 275. Wakati wanasubiri wakajikuta wanaitwa kuanza kushuka kabla hawajajiandaa, yaani hawakuwa wamekaa wakakubaliana vizuri nani anafanya nini na mita zisipofika wanafanyaje. Wakaanza kushuka huku kichwani wanajua hali hairuhusu. Rubani mkuu akatamka kwamba wanaghairi, wanapaa tena. Sekunde chache baadaye mnara ukatangaza kuwa sasa ni mita 300. Akabadilisha mawazo, tunatua.

Hapo ndipo pabaya kuliko pote na naomba vijana mnaosomea urubani mpasome mara nyingi. Kichwa cha mtu mmoja kimeshaamua kupaa, kimegeuzwa katikati, na mwenzake aliyekaa pembeni hajui sasa tuko kwenye mpango upi. Tena wakati huo tayari walikuwa juu ya mstari wa kushukia, maana yake ili wafike ranwei ilibidi washuke haraka na wapunguze mwendo kwa wakati mmoja, na ndege haipendi kufanya hivyo viwili pamoja. Leva zikarudishwa nyuma mpaka mpakani, ndege bado iko juu, bado ina mwendo, magurudumu yanashushwa, na mkono ukaendelea kurudi nyuma.

Ripoti ya uchunguzi ilisema wazi kwamba kukubali kushuka bila maandalizi na kukosa kuelewana kulizaa mlolongo wa vitu vya kubahatisha mpaka wakafikia kuvuka kizuizi ambacho ni marufuku kukivuka hewani. Nami nasema hivi: ukishatamka unapaa, paa. Mita zikiongezeka baada ya hapo ni za ndege inayofuata, au ni zako ukizunguka ukarudi umejipanga.

fundi_wa_hangari:

Mzee K umeongea. Sasa kipanga kuhusu kufuli, zilikuwepo mbili na hapa ndo kuna habari inayoniumiza mimi kama fundi.

Ya kwanza iko kwenye leva zenyewe. Ukizishika leva za nguvu za Fokker 50, mbele yake kuna vishikio vidogo ambavyo lazima uvinyanyue kwa vidole ndipo leva ipite ule mpaka. Haipiti kwa bahati mbaya ya kuegemea mkono, ni lazima vidole vinyanyue. Tatizo ni kwamba kila siku rubani akishagusa ranwei anavinyanyua, kwa hiyo vidole vimeshazoea njia, na mtu akiwa kwenye presha vidole vinafanya kilichozoeleka.

Ya pili ni ya umeme. Kuna solenoidi inayozuia leva isipite hata kama vidole vimenyanyua, na inafunguka pale tu ndege inapojua iko chini. Inajuaje? Njia mojawapo ni matairi kuanza kuzunguka, taarifa inatoka kwenye kisanduku kinachosimamia breki zisiserereke. Matairi yakizunguka maana yake umegusa ardhi, kufuli inafunguka. Wazo zuri kabisa.

Sasa sikiliza. Magurudumu yakishushwa na kujifunga, kile kisanduku cha breki ndo kinapata umeme, na kilikuwa na kasoro kwamba kikiwaka tu kinaweza kutuma taarifa ya uongo kwamba matairi yanazunguka. Kufuli ya pili inaamini, inafunguka, na inabaki wazi kwa sekunde 16. Yaani katika kipindi ambacho ndege iko karibu kabisa na ardhi na rubani anahangaika na leva, kufuli iko wazi na hakuna taa wala sauti inayomwambia. Ndege ya Luxembourg leva zilivutwa ndani ya dirisha hilohilo la sekunde 16.

Na kasoro hiyo haikuwa siri. Watengenezaji wa kile kisanduku walishatoa marekebisho tangu miaka ya 1990 lakini hayakuwa ya lazima, kila kampuni ilichagua yenyewe ifanye au isifanye. Ndege ile ilikuwa haijafanyiwa. Nimeshika karatasi nyingi za aina hiyo kazini, unaletewa tangazo la kiufundi limeandikwa ni la hiari, ofisini wanaangalia gharama na muda wa ndege kukaa chini, linawekwa kwenye faili. Sisemi kila la hiari ni la kufa na kupona, ila linalogusa kufuli ya propela halikutakiwa kuwa la hiari hata siku moja.

neema_wa_mawingu:

Kaka fundi asante, nimesoma mpaka nywele zimesimama. Na inasikitisha zaidi kwamba haikuishia hapo. Tarehe 10 Februari 2004 Fokker 50 ya Kish Air ikitoka kisiwa cha Kish kule Iran kwenda Sharjah ilianguka inakaribia kutua, hali ya hewa safi kabisa, hakuna ukungu wala nini. Watu 46, wakapona 3 tu. Uchunguzi ukakuta kitu kilekile, leva zilivutwa mpaka upande wa ardhini wakati ndege bado iko hewani. Ni mwaka mmoja na miezi mitatu tu baada ya Luxembourg, aina ileile ya ndege. Mi hapo ndo huwa nashindwa kuvumilia, watu 20 wameshakufa, sababu imeshajulikana, na bado familia zingine 43 zinaletewa taarifa.

dakitari_wa_propela:

Na sio Fokker peke yake msije mkaihukumu peke yake. Oktoba 13, 2011 Papua New Guinea, Dash 8 ya Airlines PNG inatoka Lae inaenda Madang. Iko kwenye kushuka, bado juu sana, leva zikarudi nyuma ya mpaka. Kwa kuwa ndege ilikuwa na mwendo mkubwa, upepo ndo ukawa unazungusha mapanga, propela zote mbili zikapita kikomo cha mzunguko kwa zaidi ya asilimia 60, injini zote zikawa hazina msaada tena. Wakatua porini. Watu 32, wakafa 28, waliopona ni marubani wawili, mhudumu na abiria mmoja. Kwenye Dash 8 kulikuwa na kifaa cha kuzuia leva isipite hewani, na Marekani walikuwa wameshakilazimisha kwa ndege zao, ila nje ya hapo ilikuwa hiari. Baada ya ajali ile ndo Kanada, ambako ndege inatengenezwa, wakakilazimisha kwa Dash 8 zote duniani.

Na nyingine ya Kupang, Indonesia, tarehe 10 Juni 2013, MA60 ya Merpati. Hii hakufa mtu, wote 50 walitoka, lakini angalieni picha zake, mabawa yameinama mpaka injini zinagusa ranwei. Leva ya kushoto iliingia upande wa ardhini ikiwa futi 112 tu juu, ndege ikaanguka chini kwa kishindo cha karibu mara 6 ya uzito wake. Na kwenye hiyo kufuli ilifunguliwa na binadamu, kampuni ilikuwa imeweka kwenye utaratibu wa kutua kwamba swichi ya kufuli ya leva ifunguliwe mapema kabla ya kugusa. Yaani mlinzi ameambiwa aende zake kabla mwizi hajafika.

mama_wawili:

Sasa wakuu yote haya si yanathibitisha nilichosema, zifungiwe tu.

fundi_wa_hangari:

Dada mama_wawili hofu yako naielewa kabisa na wala siipuuzi, anayepanda na watoto wake ana haki ya kuuliza. Ila angalia umri. Ile ya Luxembourg ilitengenezwa 1991, siku inaanguka ilikuwa na miaka kama 11, hiyo kwa ndege ni kijana. Ya Kupang ilikuwa changa zaidi. Na kama unataka mfano wa ndege mpya, mwaka 2007 Dash 8 Q400 za SAS za kule Skandinavia zilivunjika mguu wa kutulia mara 3 ndani ya wiki 7, Aalborg tarehe 9 Septemba, Vilnius tarehe 12 Septemba, na Copenhagen tarehe 27 Oktoba, mpaka kampuni ikaamua kuachana na aina hiyo moja kwa moja. Ile ya Aalborg ilikuwa na miaka kama 7. Kilichoikula hiyo ya Aalborg ni kutu kwenye nyuzi za kile kipande kinachovuta na kushusha mguu. Kutu hiyo huioni ukipita pembeni ya ndege, mpaka ufungue.

Hata hivyo hakufa mtu katika zote 3, na ya Aalborg kuna kitu wahudumu walifanya nakipenda sana. Marubani walishajua mguu wa kulia haujajifunga, wakazunguka hewani kumaliza mafuta na kujipanga, na abiria waliokaa sambamba na propela wakahamishwa siti. Mguu ukakunjika, panga likagonga ranwei likavunjika, vipande vikatoboa ukuta wa kebini palepale kwenye siti ambazo zilikuwa zimeachwa wazi.

Uzee unaongeza kazi, hilo sikatai. Ndege ya miaka 30 inahitaji saa nyingi za kufunguliwa na kuchunguzwa, na kampuni yenye pesa kidogo ndo inayonunua ndege ya miaka 30, hapo ndipo uzee na ajali vinapokutana. Lakini ukiniambia nichague kati ya Fokker 50 ya zamani iliyofanyiwa marekebisho yote na yenye marubani wanaothubutu kughairi kutua, na ndege mpya yenye faili limejaa mambo ya hiari ambayo hayajafanywa, nampandisha mwanangu kwenye Fokker.

rubani_mstaafu_K:

Naunga mkono. Na kuhusu leva niongeze moja kwa sababu nimeona watu wanadhani ni ule mpaka wa ardhini tu. Pokhara, Nepal, tarehe 15 Januari 2023, ATR 72 ya Yeti Airlines, watu 72 wote walifariki. Wako kwenye kujiandaa kutua, rubani anayeendesha akaomba flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, mwenzake akashika leva zilizo jirani, zile za hali ya propela, akazirudisha mpaka mapanga yakakaa sambamba na upepo. Propela zikaacha kuvuta kabisa. Kwenye kurekodi anasikika rubani anasema injini hazitoi nguvu, na injini zenyewe zinawaka. Ni Luxembourg kwa upande wa pili, kule mapanga yalizuia, huku hayakuvuta, na kote injini nzima.

Kwenye pangaboi leva ni nyingi na ziko karibukaribu. Sisi tulifundishwa gusa, angalia, tamka, ndipo usogeze. Mkono ukisogea kabla jicho halijafika, hiyo ni ajali iliyobaki kutafuta siku.

kipanga_mweusi:

Wakuu sina cha kuwalipa. Swali la mwisho kabisa kwa faida ya sisi abiria. Nikiwa nimekaa dirishani karibu na panga, wakati wa kutua huwa nasikia mngurumo unabadilika ghafla, unakuwa mzito kama kitu kinakoroma, na mwili unavutwa mbele. Je hiyo ndo huo upande wa ardhini?

fundi_wa_hangari:

Ndiyo hiyo mkuu. Sikiliza mpangilio wake, kwanza matairi yanagusa, unahisi mtikisiko, halafu ndo sauti inageuka na unavutwa mbele. Ikija kwa mpangilio huo kila kitu kiko sawa, rubani anafunga breki kwa propela. Sauti kubadilikabadilika wakati bado mko juu nayo ni kawaida mara nyingi, rubani anaongeza na kupunguza nguvu, au anarudisha propela mzunguko wa juu kujiandaa, kwa hiyo usishtuke kwa kila sauti. Na ukiona ndege imekaribia kabisa, unaona mpaka nyasi, halafu injini zinanguruma kwa nguvu zote na mnapaa tena, usimkasirikie rubani kwamba anakuchelewesha.

mama_wawili:

Nimesoma yote mpaka mwisho. Bado naogopa ila sasa najua naogopa nini. Kaka fundi, abiria wa kawaida anaweza kujua kama ndege anayopanda ilishafanyiwa hayo marekebisho?

fundi_wa_hangari:

Kwenye tiketi hutaona dada yangu. Kwa Fokker 50 na Dash 8 hayo ya kufuli yalishakuwa ya lazima baada ya hizo ajali, kwa hiyo ndege inayoruka kihalali inatakiwa iwe nayo, na wa kuhakikisha ni mamlaka ya anga ya nchi ilikosajiliwa. Unachoweza kufanya ni kuangalia kama nchi au kampuni hiyo iko kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya waliozuiwa kuruka kwao. Orodha iko wazi kwa kila mtu na inasasishwa mara kwa mara. Mimi huwa naiangalia kabla ya kukata tiketi ya mtu wa familia yangu.